Mawe Arobaini na Manne

Benchi la kijiwe lilikuwa na miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na lilisimama nje ya karakana ya kutengenezea redio, pasi, feni na chochote kile chenye waya. Aliyekaa upande wa ukutani alipata pa kuegemeza mgongo na kivuli mpaka saa nane mchana. Aliyekaa upande wa matofali alikaa kwa tahadhari. Ukutani palikuwa pa Bingwa, fundi cherehani, na hapo hakuwa ameondoka kwa miaka kumi na tisa. Kwenye matofali palikuwa pa Hasi, mchonga funguo, ambaye pia ndiye aliyebeba birika kwenda kuleta kahawa kila asubuhi, jua liwake mvua inyeshe. Katikati walijibana Redio, kinyozi ambaye hakuna aliyewahi kumkuta kimya, na Refa, mzee aliyepuliza kipenga viwanjani mpaka pumzi ikamkatalia, akahamia kijiweni kuamua mambo kwa mdomo mtupu.

Utaratibu huo wa kukaa haukutokana na umri wala cheo. Uliwekwa na kompyuta. Ndani ya karakana kulikuwa na kompyuta kuukuu, plastiki yake imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, na ndani yake kulikuwa na mchezo mmoja tu, ambao mwenye karakana, sasa marehemu, aliutunga kwa mkono wake mwenyewe. Mlinzi anasimama shambani na kombeo na mfuko wa mawe, ndege wanashuka kula nafaka. Kila ndege anayepigwa ni pointi kumi. Mawe yakiisha, au nafaka ikiisha, basi. Marehemu ndiye aliyetoa amri, kwa utani tu, kwamba wa kwanza kwenye orodha atakaa ukutani na wa mwisho ataleta kahawa. Kisha kompyuta ikaharibika, orodha ikanakiliwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, na utani ukageuka sheria.

Karatasi ilisema hivi: Bingwa, elfu thelathini na mbili, mia saba na sitini. Refa, elfu kumi na tisa na ushee. Redio, elfu nane, na hizo elfu nane alizieleza kila siku kama ni themanini. Mwisho kabisa mchonga funguo, hasi elfu ishirini na nne, mia tatu thelathini na sita. Mtu kucheza mpaka akawa chini ya sifuri, hilo halikuwahi kuonekana. Walicheka wiki nzima, na jina la Hasi likamganda kuanzia hapo, hata mkewe akalizoea.

Asubuhi hiyo Hasi alikuwa bado hajarudi na birika. Siku hizi alichelewa, maana goti la kulia lilikuwa limeanza kumgomea, na ngazi za kutoka kwa muuza kahawa zilikuwa nyingi. Walishamwambia aache. Alijibu kwamba utaratibu ni utaratibu, akachukua birika. Basi walikuwa watatu benchini wakati binti wa marehemu alipotoka nje ameshika daftari la baba yake, kidole kikiwa katikati ya kurasa. Yeye ndiye aliyerithi karakana, na mtaa mzima ulimwita Fundi, pamoja na wale waliomjua akitambaa.

Aliwaambia mambo mawili. La kwanza, kompyuta imefufuka. Amebadilisha vipuri vitatu na sasa inawaka. La pili, amesoma programu yote aliyoiandika baba yake, mstari kwa mstari, na baba alikosea kwenye kuhesabu pointi.

— Marehemu hakukosea, alisema Bingwa.

Alilisema upesi mno, hata yeye mwenyewe akajishtukia.

— Alikosea, baba mdogo, Fundi alisema kwa upole. Kosa dogo tu, kila mtu alikuwa akilifanya enzi zile. Pointi aliziwekea nafasi finyu. Zikipita kiasi fulani, mashine inazigeuza zinakuwa hasi.

Redio alishapokea mada kabla haijatua chini.

— Hilo mimi nililijua siku nyingi. Ni umeme wa mtaa huu. Unakuja na nguvu zake, halafu katikati unarudi ulikotoka. Sasa namba ikiwa ndani ya waya utaifanyaje? Inarudi nao.

— Umeme ungerudisha za kila mtu, alisema Refa. Hapa ni uchovu. Mpe mtu ahesabu vifungo vya duka zima, akifika elfu tatu amesinzia. Mashine nayo imesinzia, ikashtuka, haikumbuki ilikuwa inakwenda mbele au nyuma.

— Mashine haisinzii, ina feni.

— Kwani wewe dukani kwako huna feni? Wateja wako hawasinzii?

Redio alikubali kwamba wanasinzia, lakini akasema hilo linatokana na ulaini wa mkono wake. Kisha akasogea mbele ya benchi, matofali yakalia, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali.

— Ngojeni niwaambie jambo. Mtu akifika elfu thelathini na mbili, amepiga ndege wangapi? Zaidi ya elfu tatu. Ndege elfu tatu. Sawa, ni wa ndani ya skrini, lakini ndege ni ndege. Mnafikiri hawana kinyongo? Walikaa kikao.

— Ndege hawana vikao.

— Hujawaona jioni juu ya waya, wote wameelekea upande mmoja? Pale wanajadili nini, bei ya nguo?

Refa alifikiri kidogo, kwa heshima ya hoja, halafu akasema hata yeye ana lake ambalo amelificha miaka mingi. Kwa maoni yake marehemu aliiwekea mashine kipimo cha majivuno. Mchezaji akianza kujiona, mashine inamshusha chini ya ardhi ili ajifunze. Akaliacha hapo liwaingie.

Wakati huohuo Hasi akatokea juu ya ngazi. Alikuwa amesimama kwenye daraja la mwisho kupumua, mkono mmoja kwenye goti, mwingine umeshika birika, na kahawa ilikuwa imemwagikia suruali. Hakuwahi kujisifu maishani mwake, hata kwa funguo zake, na zilikuwa funguo nzuri. Walimtazama wote watatu. Nadharia ya majivuno ikafia palepale, na Refa hakuidai tena.

Hasi alimimina. Vikombe vilijaa nusu. Aliomba radhi kwa nusu nyingine, akakaa kwenye matofali polepole, mguu mmoja ameunyoosha mbele.

Bingwa alipokea kikombe chake bila kumwangalia usoni. Ukweli ni kwamba yeye alikuwa mtu pekee pale aliyejua lini hasa namba ile iligeuka, na wapi, na alikuwa amekaa na jambo hilo mgongoni mwake, ukutani, kwa miaka kumi na tisa. Siku ile mvua ilinyesha. Marehemu alikuwa ametoka kutafuta risasi ya kulehemu, wenzao walikuwa hawajafika, na ndani ya karakana walikuwa wawili tu, Hasi akicheza, yeye akimtazama kwa juu ya bega. Hakuwa amewahi kuona mtu anacheza vile. Mchonga funguo alikuwa na mkono mtulivu, hapotezi jiwe. Namba ilifika elfu thelathini na mbili, mia saba na sitini. Ndege mmoja zaidi akaanguka, na namba ikaruka kwenda hasi elfu thelathini na mbili na kitu.

Hasi alisema tu kwamba imeharibika, akaendelea kucheza. Lakini Bingwa alikuwa fundi cherehani, maisha yake yote alisoma utepe wa kupimia kutoka ncha zote mbili, na aliona kitu. Kila ndege aliyeanguka, ile hasi ilipungua. Thelathini na mbili ikawa thelathini na moja, ikawa thelathini, ikawa ishirini na tisa. Mtu alikuwa bado anapanda, ila mashine inamsoma kutoka ncha nyingine. Mawe yalipomwishia alikuwa hasi elfu ishirini na nne, mia tatu thelathini na sita. Wenzao wakaingia wakitikisa miavuli, wakaiona hasi, wakaanza kucheka. Bingwa akacheka nao. Alikuwa na muda wa kusema, na hakusema.

Wiki iliyofuata alikaa mwenyewe kwenye kiti kile. Mkono wake siku hiyo ulikuwa umebarikiwa. Alipofika elfu thelathini na mbili, mia saba na sitini, akaachia kijiti cha kuchezea, akakunja mikono, akawaacha ndege wale nafaka mpaka ikaisha. Walimbeba juu mpaka nje.

— Binti, alisema sasa, akiweka kikombe chini. Mashine ya marehemu iacheni kama alivyoiacha. Kila kitu tukikipangua, cha kumkumbukia kitabaki kipi?

— Cha kumkumbukia ni mimi, alisema Fundi.

Refa alicheka kwa pua. Fundi akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua lakini bado anaomba ruhusa. Alisema baba yake hakupenda kitu kirudi kwa mteja kikiwa na kosa analolijua. Alikuwa akikosea anarudisha pasi nyumbani kwa mtu kwa miguu yake mwenyewe. Lakini orodha ni ya kwao, si yake. Kama hawataki, atazima.

Bingwa aliona hapo pana mwanya. Alimgeukia Refa, akamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, iwapo matokeo yanaweza kubadilishwa baada ya kipenga cha mwisho. Refa alinyooka mgongo. Alisema hapana, haijawahi kutokea, yeye mwenyewe aliwahi kukataa bao halali kwa sababu lilifungwa sekunde moja baada ya kipenga, na mfungaji bado hamwamkii mpaka leo. Redio akasema kama ni hivyo basi zile elfu nane zake zisiguswe, maana zina historia. Ilielekea kuwa kura tatu.

— Mwacheni afanye kazi yake, alisema Hasi.

Na kwa kuwa Hasi alikuwa hajawahi kuomba kitu kijiweni, hawakujua namna ya kumnyima. Wakainuka, wakaingia ndani.

Karakana ilinuka risasi iliyoyeyuka na vumbi la zamani. Skrini ilikuwa inawaka kijani, na juu yake ile orodha ilisimama vilevile kama walivyoiacha, Bingwa juu, Hasi chini. Fundi aliwaonyesha swichi za ukutani, akawaambia wafikirie swichi kumi na sita kwenye mstari mmoja. Mashine inahesabu kwa kuwasha na kuzima. Kumi na tano ni za kuhesabia. Ile moja ya mwanzo kabisa haihesabu, inasema tu kama namba iko juu ya sifuri au chini yake.

— Zile kumi na tano zikishawaka zote, pointi inayofuata haina pa kwenda, alisema. Inaiwasha ile ya mwanzo. Mashine inaangalia, inaona imewaka, inadhani huyu yuko chini ya sifuri. Kumbe yuko juu kuliko wote.

— Kwa hiyo hakuna ndege, alisema Redio kwa huzuni.

— Hakuna, mjomba.

— Hata kidogo?

Fundi alisema hata kidogo. Akageukia kibodi. Alikuwa ameshaongeza swichi, alisema, ili kuanzia leo mtu acheze anavyotaka bila kugeuka. Zile pointi za zamani hatazigusa. Swichi zake zimekaa kama baba alivyoziacha. Atabadilisha tu jinsi mashine inavyozisoma. Aliandika mstari mmoja, akaulinganisha na daftari, akabonyeza.

Skrini ilipepesa. Orodha ikajipanga upya.

Wa kwanza alikuwa mchonga funguo, elfu arobaini na moja na mia mbili. Bingwa alifuata, elfu thelathini na mbili, mia saba na sitini. Kisha Refa. Redio akawa wa mwisho.

Redio akaanza kuongea kwa kasi, akisema goti lake nalo si zima kama watu wanavyodhani, na Refa akasema lazima aifikirie ile kanuni ya kipenga, kwa sababu bao lililofungwa kabla ya kipenga na refa hakuliona ni suala jingine. Aliposema hivyo alimwangalia Hasi, kisha akaangalia sakafu. Miaka kumi na tisa alikuwa amemwita mtu Hasi. Ilimwuma, na alionyesha.

Hasi mwenyewe alisimama mbele ya skrini, kofia mkononi. Alisoma namba yake kwa midomo bila sauti. Kisha akaisoma tena. Macho yalimjaa, akayaacha yajae.

— Mke wangu nilimwambia, alisema. Nilimwambia, mimi sikuboronga. Akasema najua.

Bingwa alikuwa amesimama nyuma ya wote, karibu na mlango, akijiambia kwamba imekwisha na imekwisha vizuri. Ukuta ataupoteza, sawa, ukuta si kitu. Amekuwa wa pili kwa haki, hakuna aibu kuwa wa pili. Hakuna aliyemwuliza chochote. Alikuwa ameanza kupumua vizuri wakati mlango uliposukumwa na mwanamke mmoja akaingia, amevaa sare ya unesi na viatu vya kazi, amekuja kuchukua pasi yake. Walimpisha. Fundi akaenda nyuma ya kaunta kuitafuta.

Nesi alisimama akingoja, na kwa kuwa watu wazima wanne walikuwa wanaitazama skrini moja, naye akaitazama. Aliuliza ni nini. Redio alimweleza mchezo wote kwa pumzi moja, shamba, kombeo, ndege, pointi, kahawa na ukuta. Nesi alisikiliza kwa makini, kama watu wa kazi yake wanavyosikiliza, huku macho yakisoma.

— Na hii safu ya pembeni?

— Mawe, alisema Refa. Yaliyobaki mfukoni mchezo ulipoisha.

Kwa kweli hakuna aliyekuwa akiitazama safu hiyo. Macho yao siku zote yaliishia kwenye pointi, na aliyenakili orodha kwenye karatasi hakujisumbua kuiandika. Kwa mchonga funguo palikuwa na sifuri. Kwa Refa sifuri. Kwa Redio sifuri.

— Huyu wa pili alibakiwa na mawe arobaini na manne, alisema nesi. Mbona hakuyarusha?

Lilikuwa swali la mpita njia, na halikuwa na ubaya wowote. Refa alifungua mdomo kutoa uamuzi, uamuzi haukuja. Redio alisema labda mkono ulishikwa na ganzi, kisha akasema labda ndege, akaacha. Waligeuka kumtazama Bingwa, si kwa kumshuku, kwa kungoja tu awape jibu kama alivyokuwa akiwapa majibu kutoka ukutani miaka yote hiyo. Hasi peke yake hakugeuka. Alibaki anaangalia yale arobaini na manne.

Bingwa angeweza kusema ganzi. Neno lilikuwa tayari, Redio alikuwa amemkabidhi. Alimtazama Hasi mgongoni, akaiona kahawa iliyokauka kwenye suruali yake, na neno hilo akaliacha.

— Nilikuwepo, alisema. Ile siku ya mvua. Niliona namba yake inageuka, na niliona anaendelea kupanda. Nikajua inageukia wapi. Zamu yangu ilipofika hapohapo, nikaachia kijiti. Mawe ninayo mkononi, nikawaacha ndege wale.

Akawageukia Redio na Refa.

— Na niliwaacha mkimcheka. Na mimi nikacheka.

Fundi alikuwa ametoka na pasi, akasimama nayo bila kumpa mwenyewe. Nesi alielewa kwamba ameuliza kitu kikubwa kuliko alivyodhani.

Hasi aligeuka. Alichukua muda, kwa sababu ya goti.

— Kwamba uliona, nilijua, alisema. Ulikuwa nyuma yangu, pumzi yako niliisikia. Nilichokuwa sijui ni kama ulielewa. Miaka yote hii nimejiambia, hakuelewa.

Bingwa alitoka nje. Benchi lilikuwa tupu, ukutani na kwenye matofali, na vikombe vinne viko chini na masalio yake. Aliliinua birika, akalitikisa. Halikuwa na kitu. Alilishika kwa mpini, akatembea nalo hadi juu ya ngazi, akasimama. Ngazi zilishuka, zikagawanyika njia mbili, na njia zote mbili zilikuwa na milango mingi, na ndipo akatambua kwamba hajui pa kwenda. Alirudi mpaka mlangoni mwa karakana na birika lake mkononi.

— Muuza kahawa yuko wapi siku hizi?

Redio alimwangalia Refa, Refa akamwangalia Redio. Nao hawakujua.

Hasi alitoka polepole, akasimama kizingitini. Aliangalia ukuta, akaangalia matofali, kisha akakaa katikati, popote, akanyoosha mguu.

— Shuka ukishikilia upande wa kushoto, alisema, wa kulia umemomonyoka. Chini kata kulia, pita wauza viatu, mlango wa tatu. Birika wanalifahamu. Waambie ni la Hasi, watakujazia mpaka juu.

Bingwa akashuka, mkono wake upande wa kushoto, akihesabu madaraja.